Majibu kwa Wasomaji: Usiku Mmoja Katika Mchanga wa Sharqiya

Tangu tulipochapa habari za jangwa la Sharqiya, nchini Oman, barua zimetufikia nyingi kuliko tulivyotazamia, na zaidi ya nusu yake zimetoka kwa watu wenye ndugu Maskati wanaojiandaa kwenda kuwazuru. Nimechagua zile ambazo maswali yake yameulizwa na wengi, nimezifupisha zilipokuwa ndefu, na sikutaja majina ya walioziandika.

Asalaam aleikum. Mwezi wa Desemba, skuli zitakapofungwa, nitakwenda Maskati na mke wangu na watoto wetu watatu, wa miaka 13, 9 na 5, kumzuru shangazi yangu. Kila ninayemwuliza ananielekeza madukani na ufukweni, lakini watoto wameniganda, wanataka kuona jangwa. Nitakuwa na siku mbili tu na gari dogo la kukodi. Je, zinatosha, na nianzie wapi? (Baba wa watoto watatu, Unguja)

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Zinatosha, kwa sharti moja tu: usiku ulio baina ya siku hizo mbili mlale mchangani. Nalisema hili kwanza kwa sababu nimeona wageni wengi wakiikosa raha ya jangwa kwa kuliendea saa mbaya. Huondoka Maskati asubuhi baada ya chai, hufika saa sita mchana wakati jua limesimama utosini na mchanga umegeuka mweupe usio na kivuli hata kimoja, humpanda ngamia dakika kumi, hupiga picha, hurudi na kusema kwamba jangwa halina kitu. Wamekwenda katika saa ambayo hata wenye jangwa lao wamejilaza.

Shika barabara kuu ya Maskati kwenda Sur, inayopita Bidbid na Ibra. Ni lami pana, na gari lako dogo litafika mji wa Bidiyah bila ya tabu, mwendo wa saa mbili na nusu au tatu mkisimama njiani. Hapo mchanga unaanza ghafla, kama maji yanavyoanza mbele ya nyumba za pwani: nyuma ya mitende na kuta za udongo kinasimama kilima chekundu, na baada yake ni vilima vitupu. Gari lako liishie hapo. Kambi nyingi za wageni huwapokea watu penye kituo cha mafuta cha Bidiyah, Al Wasil au Al Mintarib kisha huwapakia katika magari yao yenye nguvu, basi mnapoweka nafasi ulizeni habari ya usafiri huo na mahali salama pa kuliacha gari.

Jangwa hili, ambalo wengi bado wanaliita Wahiba kwa jina la kabila la Kibedui lenye maskani humo, lina urefu wa kilomita zipatazo 180 kutoka kaskazini kwenda kusini, na upana wa kama 80. Mtoto wako mkubwa akiuliza nani aliyeupanga mchanga wote ule kwa matuta marefu yaliyonyooka, mengine yakipanda kiasi cha meta 100, mwambie ni kusi. Ndiyo, kusi letu lile lile. Upepo uliokuwa ukiyarejesha majahazi Arabuni kutoka Unguja, Mombasa na Lamu ndio uliousomba mchanga kutoka upande wa bahari ya kusini, karne baada ya karne, ukaulaza kama unavyouona leo. Mimi mwenyewe nilipoelezwa jambo hili nilikuwa nimeketi juu ya tuta, na kuanzia siku hiyo sikujiona tena mgeni mahali pale.

Kumbuka kwamba jua la Desemba huko huzama mapema, kiasi cha saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, zaidi ya saa nzima kabla ya la Unguja kwa hesabu ya saa ya ukutani. Kwa hiyo mwe juu ya kilima ifikapo saa kumi na moja kasoro robo. Pandeni pekupeku. Mchanga wa juu utakuwa bado na joto la mchana, lakini mguu ukizama hadi kifundoni vidole vinagusa ubaridi, na mtoto wako wa miaka mitano atauchezea mshangao huo kwa nusu saa nzima bila ya kutaka kitu kingine. Wakubwa waombe ubao wa kuteleza, kambi nyingi wanao. Kuteleza ni sekunde chache na kupanda tena ni dakika kumi za kuhema, ndiyo maana wakishapata chakula cha usiku hutapata shida ya kuwalaza.

Lakini usiwalaze mara moja. Upepo ukishatulia, omba taa za upande wenu zizimwe, mlale chali juu ya mkeka. Wazee wetu wa pwani walikuwa na majina ya nyota kwa sababu bila hayo nahodha hafiki, na Kilimia, ambayo mjini imefichwa na taa za barabarani, hapo inaonekana wazi kama kiganja cha chenga za almasi. Chukueni masweta na soksi, maana usiku wa Desemba mchangani una baridi kali kuliko wengi wanavyodhani, na watoto wetu wa pwani hawakuizoea.

Alfajiri mkishaswali, msirudi kitandani. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Umande umelowesha uso wa mchanga, hakuna aliyeukanyaga, na juu yake kila kiumbe kilichotembea usiku kimeacha hati yake: mende ameshona mstari wa nukta mbili mbili, nyoka amechora mawimbi, panya wa jangwani amerukaruka na kuacha alama ndogo za miguu na mburuzo wa mkia. Mpe mtoto wa miaka tisa kazi ya kuchagua njia moja na kuifuata tangu ilipoanzia mpaka kwenye tundu. Binti wa rafiki yangu aliifuata njia ya mende kwa meta zipatazo 60, akipiga magoti kila hatua chache, na alipofika mwisho wake hakuona tundu bali alama za miguu ya ndege, na hakuna tena alama ya mende. Akasimama kimya. Kisha akaja mbio kutueleza kisa kizima kilivyotokea, kana kwamba alikuwapo. Jua likishapanda na upepo ukaanza kuvuma, maandishi hayo yote hufutika.

Wanaosema jangwa ni mahali palipokufa wasikusumbue. Wataalamu wa Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha Uingereza, waliokaa humo kati ya mwaka 1985 na 1986 walikuta aina zipatazo 150 za mimea, na uhai wa mingi kati yake unategemea umande na ukungu unaotoka baharini. Ukiuona mti wa ghaf umesimama peke yake kwenye bonde la mchanga, una mbuzi chini yake, ujue kwamba mizizi yake imeshuka kina kirefu mno kuliko kimo chake.

Siku ya pili, baada ya chai, rudini kwenye gari lenu na mwende Wadi Bani Khalid, ambako maji ya kijani hukaa mwaka mzima kati ya majabali. Barabara ni ya lami hadi kwenye maegesho, na kutoka hapo mnatembea kando ya mfereji wa falaji, chini ya mitende, mpaka kwenye madimbwi makubwa. Watoto wataoga, mtakula, na jioni mtakuwa mmerudi kwa shangazi. Kama mawingu yamejikusanya milimani, msishuke kwenye wadi yoyote, yaani bonde linalopitisha maji ya mvua, na msivuke maji yanayopita barabarani hata yakionekana ya kina cha kifundo cha mguu. Mafuriko ya huko huja kutoka mvua iliyonyesha mbali, hata mahali mlipo pakiwa pakavu, na hubeba magari. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la kisheria Oman, na ni sheria ninayoiunga mkono kwa moyo wote.

Nimeona picha za magari yakipanda na kushuka vilima vya mchanga kwa kasi, watu wakipiga mayowe ndani. Mume wangu anataka sana. Mimi nina maumivu ya mgongo, na mdogo wangu tutakayekwenda naye ni mjamzito wa miezi mitano. Je, tukatae na tuonekane tunaharibu safari? (Mama wa nyumbani, Mombasa)

Kataeni, dada yangu, wala msione haya. Mchezo huo haumfai mjamzito wa mwezi wowote, wala mwenye mgongo, shingo au moyo wenye shida, na dereva mwenye akili atakushukuru kwa kumwambia mapema. Mume wako apande gari lingine, nanyi mwombeni wa kwenu apite njia za chini, baina ya matuta. Mtaona mchanga ule ule, na mtauona vizuri zaidi kwa kuwa vichwa vyenu havigongi dari. Ngamia pia mwacheni mdogo wako asimpande: anapoinuka huanza na miguu ya nyuma, na mpandaji hutupwa mbele kwa nguvu kabla ya kurudishwa nyuma.

Kwa wale wanaokwenda, kuna kipimo kimoja cha kumjua dereva mzuri. Mwangalieni anafanya nini lami inapokwisha. Akishuka na kutoa upepo kwenye matairi, tulieni, mmepata mtu. Akiendelea tu, mwambieni asimame. Mwaka mmoja niliwasindikiza wageni kutoka nyumbani katika gari la kampuni ambayo sitaitaja, na dereva wetu alikuwa na haraka ya kuliwahi jua. Hakupunguza upepo, na kwenye mteremko wa kwanza tulizama mpaka ekseli. Akakanyaga mafuta, tukazama zaidi. Tulikaa hapo saa nzima, wageni wangu wakikinga vitambaa vichwani, mpaka akatokea mzee mmoja wa Kibedui na gari kuukuu. Alitoa salamu, akapiga magoti, akafungua vali za matairi moja baada ya jingine, upepo ukatoka kwa mlio mrefu mpaka matairi yakakaa bapa kama mikate ya kumimina, kutoka paundi thelathini na kitu hadi kama kumi na nane. Kisha akauchota mchanga ulioziba mbele ya matairi kwa mikono yake, akaingia kwenye usukani, na badala ya kwenda mbele akarudi nyuma taratibu katika njia ile ile tuliyojia. Gari likatoka. Tairi lililolegea huutandaza mzigo juu ya mchanga kama mguu wa ngamia unavyofanya. Lililojaa huuchimba.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nimepita miaka sabini na magoti yangu hayanisaidii. Babu yangu alizaliwa upande huo wa Sharqiya akaja Pemba kijana, na sijawahi kupaona. Wajukuu wanaonipeleka wanasema jangwa si mahali pa wazee. Nibaki Maskati niwasubiri? (Bibi, Chake Chake)

Shikamoo, Bibi. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na jibu langu ni hapana, usibaki. Waambie wajukuu kwamba safari hii ni yako kabla ya kuwa yao.

Ukoo wa Harthi na koo nyingine nyingi zilizojenga maisha Unguja, Pemba na bara zilitoka katika miji iliyo kando ya mchanga huu, kama Ibra na Mudhaireb, na miji hiyo inafikika kwa gari hadi mlangoni. Anza na Ibra. Ikiwezekana fikeni Jumatano asubuhi, kwa sababu siku hiyo kuna soko la wanawake ambalo wauzaji na wanunuzi ni wanawake, na wanaume huombwa wakae mbali. Utaketi, utaletewa vitambaa, udi, mapambo ya fedha na hina, na hakuna atakayekuharakisha. Wajukuu zako wa kiume wakusubiri nje kama ulivyokuwa ukiwasubiri wao skuli. Na usiogope lugha. Baada ya 1964, na zaidi baada ya 1970, familia nyingi za Kiomani zilizokuwa pwani yetu zilirudi, na Kiswahili kilirudi pamoja nazo. Toa salamu yako kama unavyoitoa Chake Chake, kisha sikiliza nani ataitikia.

Mudhaireb iko baada ya Ibra, kama unakwenda Bidiyah. Ni mji mdogo wenye minara ya ulinzi juu ya vilima na nyumba kubwa za zamani zilizojengwa na watu waliokuwa na biashara upande wetu wa bahari. Nyingi zimebomoka, na kutembea ndani yake hakufai kwa magoti yako, lakini utaweza kuziona ukiwa umekaa kwenye gari au kivulini. Popote utakapokaribishwa ndani ya nyumba kongwe ya Oman, inua macho utazame dari. Mara nyingi utaona boriti, boriti zetu za mikoko, zilizokatwa Lamu na Rufiji zikapakiwa majahazini, kwa sababu huko hakukuwa na miti iliyonyooka ya kutosha. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Kwa hiyo vyumba alivyokulia babu yako huenda vilipimwa kwa mti wa pwani ya Afrika kabla yeye mwenyewe hajaiona pwani hiyo.

Na mchanga pia utauona. Mjukuu wako akupeleke pembeni ya Bidiyah saa ya alasiri, atandike busati penye kivuli cha mtende, akumiminie kahawa. Huhitaji kupanda kilima kukijua. Kahawa yao ina iliki na haina sukari, huliwa na tende au halua, na finjani hushikwa kwa mkono wa kulia. Ukishatosheka itikise kidogo ndipo uirudishe, la sivyo mwenyeji ataendelea kukumiminia.

Nimezaliwa Maskati, nina gari langu zuri linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mimi na wenzangu watatu tunataka kulivuka jangwa lote kutoka Al Wasil mpaka bahari ya kusini kwa gari moja, siku moja. Unatushauri nini? (Kijana, Maskati)

Nawashauri msiende kwa gari moja. Kwa hili sina jibu refu, kijana wangu, wala sina jibu jingine. Gari likikwama au likiharibika katikati ya jangwa, huwezi kulivuta kwa mikono, mtandao wa simu utakuwa umeshapotea muda mrefu, na kutembea kwa miguu kutafuta msaada ndiko kunakoua watu. Magari mawili ni kiasi cha chini, matatu ni bora. Kila gari liwe na koleo, kamba ya kuvutia, mbao au mabati ya kuweka chini ya tairi, pampu ya kurudisha upepo, mafuta ya akiba, na maji ya kila mtu kwa siku mbili zaidi ya zile mlizopanga. Mwachieni mtu nyumbani maelezo ya njia mtakayopita na saa ambayo, asiposikia sauti zenu, atoe taarifa polisi.

Kilima kipandeni na kukishuka kwa kunyoosha, kamwe si kwa ubavu, kwa sababu gari lililokaa ubavu kwenye mchanga hupinduka polepole na dereva hana la kufanya. Msirukie kilele msichokiona upande wake wa pili. Shukeni, mtazame kwa miguu. Na mwombeni kijana wa Kibedui awaongoze mara ya kwanza, mkimlipa vizuri. Watu hawa wanaisoma rangi ya mchanga kujua wapi ni mgumu na wapi unameza, na hiyo ni elimu inayostahili ada kama elimu yoyote.

Nitakwenda na wenzangu wa kazini, sote wanawake. Tuvae nini kwenye madimbwi ya Wadi Bani Khalid? Na tunaruhusiwa kuwapiga picha wanawake wa Kibedui wenye vifuniko vya uso? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mkiingia majini vaeni fulana yenye mikono na suruali nyepesi inayofika chini ya magoti, au nguo ya kuogelea ya kusitiri mwili mzima. Madimbwi yale yako jirani na vijiji na mashamba ya watu, na familia za Kiomani hufika hapo siku za Ijumaa na Jumamosi na watoto wao. Mkitaka utulivu, nendeni katikati ya wiki, asubuhi. Mawe yanateleza, basi viatu vya plastiki vyenye kamba vitawafaa kuliko ndara.

Kuhusu picha, ombeni ruhusa kabla ya kuinua simu, na mkikataliwa msirudie. Kifuniko hicho cha uso ndicho barakoa halisi. Neno hilo, ambalo siku hizi tunalitumia kwa kitambaa cha kujikinga na maradhi, liliingia katika Kiswahili zamani kwa ajili ya vazi hili hasa, na wapo bibi zetu Unguja waliolivaa. Mwanamke wa Bidiyah au Sinaw aliyevaa barakoa amevaa heshima yake, na mara nyingi ameishona mwenyewe. Njia nzuri ya kuanza mazungumzo ni kununua kitu mkononi mwake: mkoba wa sufi, utepe wa kufumwa wa kumpamba ngamia, au barakoa yenyewe. Soko la Sinaw huchangamka zaidi Alhamisi asubuhi, mbuzi na ngamia wakinadiwa, na wanawake wa jangwani huwa humo wakiuza na kupatana bei kwa sauti ya kujiamini. Msikawie, kwani saa nne shughuli huwa imeshapungua.

Likizo yangu ni Agosti na haibadiliki. Nimeambiwa wakati huo Oman ni moto. Je, niahirishe? (Mwalimu, Tanga)

Jangwa liahirishe, Mwalimu. Mwezi huo joto la bara hupita nyuzi 40, na hakuna raha katika hali hiyo, iko hatari. Wakati mzuri wa Sharqiya ni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Machi. Lakini Oman usiiahirishe, kwa sababu Agosti ina mambo mawili ambayo wageni wa Desemba hawayapati kwa ukamilifu.

La kwanza ni Salalah, kusini kabisa, ambako kusi hufika na mawingu mazito na manyunyu, majabali yakageuka kijani kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Wenyewe wanauita msimu huo *kharif*. Utakuta minazi, migomba na vibanda vya madafu kando ya barabara, na Tanga utaikumbuka mchana kutwa.

La pili ni kasa wa Ras al Jinz, mbele ya Sur, na hilo ndilo ningelichagua mimi. Kasa wa kijani hupanda ufukwe huo kutaga mwaka mzima, lakini kuanzia Juni hadi Septemba ndipo wanapokuwa wengi zaidi. Mahali pale ni hifadhi tangu mwaka 1996, na haiingiwi ila na mwongozaji, kwa makundi, kiasi cha saa tatu usiku na tena kabla ya mapambazuko, basi weka nafasi mapema.

Mchana wako uutumie Sur. Huko, karibu na hori ya maji, limewekwa jahazi liitwalo Fatah Al Khair, lililoundwa katika mji huo huo mwaka 1951, likauzwa, likaishia Yemen, mpaka watu wa Sur walipochangishana fedha wakalirudisha mwaka 1993. Karibu na hapo ni karakana ya majahazi. Ukilizunguka jahazi lile, simama nyuma yake utazame tezi ilivyochongwa, kisha fikiri kwamba vyombo vya umbo hilo vilikuwa vikitia nanga Tanga kila kaskazi, vikipakua tende na papa mkavu, na kungoja kusi viondoke na boriti.

Usiku, ukishafika ufukweni, mtatembea kwenye giza kwa kumfuata mwongozaji na taa yake hafifu. Simu na kamera hazitumiki, kwa kuwa mwanga humfanya kasa ageuke arudi baharini bila ya kutaga. Mtasimamishwa nyuma yake, si mbele. Mara ya kwanza niliyosimama hapo alikuwa ameshamaliza kutaga, mayai zaidi ya mia moja, na alikuwa akilifukia shimo lake kwa makasia ya mbele, kwa mapigo mazito yenye mapumziko marefu katikati, na kila pigo lilitutupia mchanga kwenye viatu. Hakuna aliyesogea. Machozi mazito ya chumvi yalikuwa yakimtoka, jinsi mwili wake unavyoitoa chumvi ya bahari, na chembe za mchanga zilikuwa zimeyanasa mashavuni. Kisha akageuka, akaanza kujikokota kuelekea majini, hatua nne, pumziko, hatua nne, pumziko. Ilimchukua zaidi ya robo saa kuvuka masafa ambayo mtoto angeyakimbia kwa pumzi moja. Vaa viatu ambavyo huvijali kujaa mchanga, Mwalimu.